HARUFU YA WAYA UNAOUNGUA KATIKA MOTOKAA

Motokaa ina njia nyingi za kumwarifu mwenyewe kwamba haina afya. Hutetemeka, hulia, hutoa moshi, au hukataa kuondoka asubuhi. Lakini katika dalili zote hizo ni chache zitakazo kusikilizwa upesi kama harufu ya waya unaoungua. Mpira wa gurudumu unaoanza kulika humpa mwenye gari majuma kadha ya kuhesabu fedha zake. Waya unaoungua huenda usimpe hata robo saa.

Wazee walisema, Dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo wako madereva wengi ambao, wakisikia harufu hiyo, hufungua dirisha ili hewa iingie, kisha huendelea na safari. Harufu hupungua, nao hudhani ugonjwa umepona. Makala hii yakusudia kueleza harufu hiyo yatoka wapi, kosa latafutwaje, na mambo gani yasifanywe kabisa. Si lazima msomaji awe fundi. Mwenye pikapu ya kuchukulia maziwa, mwenye teksi mjini, hata abiria wa matatu, yampasa kuyajua haya.

NI HARUFU IPI?

Kwanza yafaa kutofautisha, maana si kila harufu ya kuungua katika motokaa ni ya umeme. Klachi inayoteleza hunuka kama karatasi iliyoungua, hasa gari linapopanda mlima na mzigo. Breki iliyokwama hutoa harufu kali kutoka upande wa gurudumu lake, na ukikaribisha mkono bila kugusa utasikia joto. Mafuta ya injini yakidondoka juu ya bomba la moshi hunuka kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa jikoni. Betri inayochajiwa kupita kiasi hunuka kama mayai viza. Na mfuko wa nailoni ulionaswa chini ya gari na kugusa bomba la moshi huweza kumfanya mtu abomoe dashibodi yake bure; kwa hiyo inama uangalie chini ya gari kwanza.

Harufu ya waya ni nyingine. Ni kali, hukereketa pua na koo, nayo yafanana na harufu ya plastiki iliyotupwa motoni. Yatoka kwenye ganda la plastiki linaloufunika waya. Shaba yenyewe haiyeyuki mpaka joto lifikapo digrii 1,085 za Selsiasi, lakini plastiki ya nyaya nyingi huanza kuharibika joto likipita kidogo tu lile la maji yanayochemka. Kwa sababu hiyo pua hupata habari mapema kuliko macho. Mtu anayengoja kuona moshi ndipo aamini, amekwisha kuchelewa.

UMEME WA MOTOKAA WATEMBEAJE?

Motokaa nyingi zina betri ya volti 12. Betri ina vichwa viwili, kimoja chenye alama ya kujumlisha na kimoja chenye alama ya kutoa. Kutoka kichwa cha kujumlisha umeme huenda kwa njia ya nyaya mpaka kwenye taa, honi, redio, feni na stata. Lakini umeme haumwagiki mwisho wa waya kama maji mwisho wa mfereji. Sharti urudi nyumbani, yaani kwenye betri. Ili kupunguza idadi ya nyaya, watengenezaji wameufanya mwili wa chuma wa gari kuwa njia ya kurudia, nao umefungwa kwa waya mnene kwenye kichwa cha kutoa. Njia hiyo huitwa ardhi, ingawa haigusi udongo.

Yafuata kwamba waya wowote wenye umeme ukichubuka na kugusa chuma cha gari mahali popote, umeme umepata njia ya mkato. Hauna haja tena ya kupita katika taa au honi. Hurudi moja kwa moja, tena kwa nguvu nyingi mno. Ndilo jambo mafundi wanaloliita kupiga shoti.

Volti 12 haziwezi kumtetemesha mtu mwenye mikono mikavu, na kwa hiyo wengi hudhani haziwezi kuchoma kitu. Hilo ni kosa kubwa. Kinachochoma si volti peke yake, bali ni wingi wa mkondo, unaopimwa kwa ampea. Taa kubwa moja ya mbele ya wati 55 hutumia ampea 4 na nusu hivi. Stata, wakati wa kuwasha injini, huweza kuvuta ampea 100 au 200, au zaidi. Na betri nzuri ikipigwa shoti huweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Ndiyo sababu fundi mwenye akili huvua pete na saa kabla ya kugusa betri. Pete ikishikana kati ya spana na chuma huwa nyekundu kama kaa, nayo iko kidoleni.

JOTO HULETWA NA MAMBO MAWILI

Katika mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe karibu na Manchester, alieleza jinsi waya unavyopata joto. Alionyesha kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto haliongezeki mara mbili bali mara nne. Na mkondo ukiongezeka mara tatu, joto huwa mara tisa. Kanuni hiyo hufanya kazi hata leo ndani ya kila gari barabarani.

Jambo la kwanza liletalo joto, basi, ni mkondo mwingi kuliko kipimo cha waya. Shoti ni mfano mmoja. Mfano wa pili ni ule wa mtu anayetoa taa zake za wati 55 na kutia za wati 100 ili aone mbali usiku. Mkondo haujafika hata mara mbili, lakini joto katika nyaya zile zile nyembamba na swichi ile ile limefika mara tatu. Vivyo hivyo katika magari ya abiria yanayoongezwa taa za rangi na vipaza sauti juu ya nyaya zilizotengenezwa kwa redio moja ndogo.

Jambo la pili ni la siri zaidi, nalo ndilo linalowapotosha wengi. Ni kiungo kilicholegea, au kilichoota kutu ya kijani. Mahali hapo umeme hupita kwa shida, kama watu wengi mlangoni, na shida hiyo huwa joto. Tuseme mkondo ni ampea 20, na kiungo kina ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Joto lake litakuwa wati 40, sawa na chuma cha kulehemu cha fundi wa redio. Fikiri msomaji: chuma cha kulehemu kimewashwa nyuma ya dashibodi, katikati ya plastiki na vitambaa, na hakuna anayekiona.

FYUZI NI MLINZI

Ili kuzuia hatari ya jambo la kwanza, watengenezaji waliweka fyuzi. Fyuzi ni kipande chembamba cha madini kilichofanywa makusudi kiwe dhaifu kuliko waya, ili mkondo ukizidi kife chenyewe na waya upone. Fyuzi za siku hizi zina rangi za kipimo chake: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, isiyo na rangi 25, na kijani 30.

Mtu ambaye fyuzi yake ya ampea 10 imekatika, naye akaweka ya 30, hakuponya kitu. Amefanya waya uwe dhaifu kuliko fyuzi, na kwa hiyo siku ya pili utakaoungua ni waya. Mtu anayefunga karatasi ya fedha ya sigara, au kipande cha waya mahali pa fyuzi, amemwondoa mlinzi mlangoni kwa sababu alipiga kelele usiku. Fyuzi ikikatika mara moja, weka nyingine ya kipimo kile kile. Ikikatika tena, usiweke ya tatu. Kuna kosa, nalo sharti litafutwe.

Tena yafaa kukumbuka kwamba fyuzi ina mipaka. Haiwezi kuona kiungo kilicholegea, kwa maana hapo mkondo haujaongezeka. Waweza kuwa umepungua. Plastiki huyeyuka huku fyuzi ni nzima. Na waya mnene utokao kwenye betri kwenda kwenye stata, katika motokaa nyingi, hauna fyuzi hata moja. Kwa hiyo asiseme mtu, “Fyuzi zangu zote ni nzima, harufu hii si ya umeme.”

BOLTI MOJA

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye ng’ombe wa maziwa na pikapu ya zamani, alilipeleka gari lake gereji ili klachi ibadilishwe. Lilirudi na klachi mpya. Lakini tangu siku ile likawa zito kuwaka asubuhi, na kila alipozungusha ufunguo alisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na miguu yake.

Fundi wa kwanza alimwambia kwamba betri imekufa. Mzee akanunua betri, na harufu ikabaki. Fundi wa pili alisema kosa ni la stata. Mzee akauza mtamba wake, akanunua stata. Harufu ikabaki, na sasa pedali ya mafuta ikaanza kuwa nzito chini ya mguu. Asubuhi mbili gari lilikataa kabisa, na maziwa yalipofika kituoni jua limekwisha kupanda yakakataliwa.

Ndipo alipoitwa kijana mmoja fundi wa umeme. Hakushika spana. Kwanza aliuliza, “Mzee, harufu hii ilianza lini?”

“Tangu klachi ilipotengenezwa, mwanangu. Lakini klachi na umeme vina ujamaa gani?”

Kijana hakujibu. Alitoa mita ya kupimia volti, akaweka ncha moja juu ya kichwa cha kutoa cha betri, na ncha ya pili juu ya chuma kitupu cha injini. Akamwomba mzee azungushe ufunguo. Mita ikaonyesha volti 5.

“Hapa pangefaa kuonekana chini ya nusu volti, mzee,” akasema. “Injini yako haina njia ya kurudishia umeme.”

Alilala chini ya gari, na baada ya kitambo kidogo akamwita mzee aone. Waya mpana wa shaba uliosukwa, ambao kazi yake ni kuunganisha injini na mwili wa gari, ulikuwa unaning’inia. Ulifunguliwa wakati giaboksi iliposhushwa kwa ajili ya klachi, na hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Maelezo yake ni haya. Injini hukaa juu ya raba ili isitetemeshe gari, na umeme haupiti katika raba. Bila ule waya mpana, mkondo mkubwa wa stata ulitafuta njia nyingine ya kurudi, ukaipata katika kamba nyembamba ya chuma itokayo kwenye pedali ya mafuta mpaka injini. Kila asubuhi kamba ile ilipata moto na kuyeyusha ala yake ya plastiki. Betri na stata za kwanza hazikuwa na kosa lolote.

Mzee alisimama kimya, kisha akasema, “Basi mtamba wangu umekwenda kwa bolti moja.” Lakini hasara ingaliweza kuwa kubwa zaidi. Kama kamba ile ingalinata ndani ya ala iliyoyeyuka wakati pedali imekanyagwa, gari lingaliendelea kukimbia hata baada ya mguu kuondolewa. Bolti ilifungwa, kamba ikabadilishwa, na harufu haikurudi.

Somo la kisa hiki ni kwamba swali la kwanza la kuuliza si “Tununue nini?” bali “Ilianza lini, na gari lilifanyiwa nini kabla yake?”

NAMNA YA KULITAFUTA KOSA

Angalia harufu huja wakati gani. Ikija wakati wa kuwasha injini, shuku stata, nyaya zake nene na waya wa ardhi. Ikija taa zinapowashwa, shuku swichi, rilei na viungo vya taa. Ikija feni ya hewa inapozungushwa kwa nguvu, shuku kiungo cha feni na kile kifaa kinachopunguza mwendo wake. Ikija wakati wote injini inapofanya kazi, tazama alteneta na waya wake; injini ikiwa inazunguka, volti katika betri za magari mengi huwa kati ya 13 na nusu na 14 na nusu, na ikizidi 15 alteneta ina kosa. Ikija hata ufunguo ukiwa mfukoni, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Fungua waya wa betri upesi.

Zima vyombo vyote, kisha washa kimoja baada ya kingine, ukingoja dakika kadha kila mara. Baadaye zima, na uguse viungo kwa uangalifu kwa nyuma ya vidole. Kiungo kilicho cha moto kuliko wenzake ndicho mwizi. Plastiki yake aghalabu imegeuka rangi ya kahawia, au imevimba.

Tafuta mahali ambapo nyaya huumia: zinapopita katika tundu la chuma lisilo na raba, penye bawaba za milango na za buti, karibu na bomba la moshi, na penye nyaya za taa za trela. Barabara mbovu hutikisa viungo mpaka vilegee. Hewa ya chumvi ya pwani, kama Mombasa, huotesha kutu ya kijani. Panya nao hupenda kujenga katika injini ya gari lililolala muda mrefu, na kutafuna maganda ya nyaya. Zaidi ya yote, tazama kazi iliyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: redio, king’ora na taa za ziada. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu tu, bila kulehemiwa wala kubanwa kwa kifungio chake, ni ugomvi unaongoja siku yake.

Ikiwa fyuzi hukatika kila inapowekwa, iko njia moja nzuri isiyomaliza fyuzi. Chukua balbu ya wati 21, kama ile ya taa ya breki, yenye nyaya mbili, uiunge mahali pa fyuzi. Kwanza zima au chomoa vyombo vyote vya njia hiyo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo; lakini mkondo hauwezi kupita ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Sasa tikisa nyaya, na uchomoe viungo kimoja kimoja. Mahali ambapo balbu hufifia au kuzimika, kosa liko hapo.

Kila mara ufunguapo betri, anza na waya wa kichwa cha kutoa, na urudishapo uufunge huo mwisho. Ukifanya kinyume, spana iliyoshika kichwa cha kujumlisha huweza kugusa mwili wa gari na kupiga shoti. Lakini kwanza hakikisha alama, maana motokaa nyingi zilizoundwa Uingereza kabla ya miaka ya 1960 kwisha zilifungwa kinyume, na chache zingali barabarani. Usivute sigara karibu na betri, kwa kuwa hutoa haidrojeni, hewa inayolipuka. Na gari lenye mota ya umeme pamoja na injini ya petroli lina nyaya nene za rangi ya machungwa, zenye volti zaidi ya 200. Hizo huua. Mwachie fundi aliyefunzwa.

HARUFU IKIJA NJIANI

1. Zima feni, redio na vyombo vyote usivyovihitaji. Usizime taa kubwa usiku kabla ya kusimama.

2. Toka barabarani mahali pa salama, mbali na nyasi kavu na pampu za petroli. Simamisha injini na utoe ufunguo.

3. Watu wote washuke, watoto kwanza. Mizigo ingoje.

4. Ikiwa hakuna moshi wala moto, fungua waya wa kutoa wa betri. Kwa hiyo yafaa kuwa na spana ya kipimo chake ndani ya gari sikuzote.

5. Ikiwa moshi watoka chini ya boneti, usiifungue wazi. Hewa ikiingia kwa mara moja huufanya moto uwake. Kama una kizima moto cha unga, fungua kwa upana wa vidole tu, elekeza unga kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake.

6. Moto ukishinda, uache. Wapeleke watu mbali, uwazuie wanaosogea kutazama. Usimwage maji juu ya petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji na kuueneza moto.

7. Harufu ikipotea, usiseme imekwisha. Waya uliokwisha kupoteza ganda lake sasa ni mtupu, na tikisiko la kwanza litaurudisha kwenye chuma.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Fyuzi moja ya kipimo halali, bolti moja iliyokazwa, na raba moja katika tundu la chuma ni vitu vya fedha kidogo sana. Pua ya dereva haina bei kabisa. Ikikuambia kwamba kitu chaungua, simama umsikilize mjumbe huyo. Naye fundi akikuambia kununua kitu kipya, mwombe kwanza akuonyeshe mahali palipoungua.